Mji Wenye Sauti ya Kwanza

Kiwanda kilipotangaza kwamba kitengo cha kufuma kitafungwa, mimi sikulia kama wenzangu. Nilikuwa nimefanya kazi na mashini za kufuma pale Thika kwa miaka ishirini na miwili, kwanza kama mfumaji, baadaye kama fundi wa kuzitengeneza, na nilijua mashini haziachwi zife. Zinauzwa, zinapakiwa kwenye lori, zinafungwa upya mahali pengine, na huko pengine atahitajika mtu wa kuzibembeleza. Wenzangu tuliotoka nao Magharibi mwa Kenya walianza habari za kurudi nyumbani, kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi nikawaambia guu langu halijavunjika. Nilikuwa mtu wa majivuno, na sitaki kuyaficha, maana haya yote yalitokana nayo.

Siku hiyo hiyo nilienda kumwambia mke wangu. Ana kibanda cha kushona sare za shule Ruiru, upande ule ambako mibuni ya kahawa inang'olewa na magorofa yanaota mahali pake. Nilimkuta akitia vifungo kwenye shati. Nikamwambia kuna kazi Nakuru, kuna kazi Eldoret, na nasikia hata Kisumu. Nilidhani ataniuliza tutapata nyumba wapi, au cherehani itabebwa vipi. Hakuuliza. Alikata uzi kwa meno, akasema:

"Baba, mimi sina shida na mji. Twende kokote. Lakini nataka kwaya yenye hainijui."

Nilimwelewa mara moja, na maneno hayo yakanichoma.

Sisi ni watu wa kwaya. Wengine wana mpira, wengine wana drafti, sisi tulikutana kwenye mazoezi ya kwaya na hatukuwahi kutafuta starehe nyingine. Kwaya ya kanisa letu la Thika huimba sauti nne bila kinanda, na mtu aliyekuwa akiipa ki, yaani noti ya kuanzia, nilikuwa mimi. Mwalimu wa kwaya alikuwa na kifaa chake mfukoni cha kutafutia noti, lakini hakukitoa. Alinitazama tu, nami nikaitoa kifuani kama mtu anayetoa funguo za nyumba yake. Mimi niliimba sauti ya nne, besi. Mke wangu aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kulikuwa na wimbo mmoja wa mazishi ambao aliuanza peke yake, ubeti mzima, kabla sisi wengine hatujaingia. Watu walikuwa wakiacha kujipepea na vitabu vya nyimbo. Hata watoto walitulia.

Basi miaka miwili kabla ya habari za kiwanda, siku ya mazoezi, nilimsikia akianzisha na sauti ikawa haina makali. Nikadhani ni mafua. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Ilikuwa kama imefunikwa blanketi. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwalimu, na nilijisifu kwamba sipendelei mtu, hata awe wa nyumbani kwangu. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mama, kila jambo na wakati wake. Sauti imechoka. Tuwaachie wasichana."

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwalimu aliangalia karatasi zake. Mke wangu alifunga faili lake, akaenda kukaa na wanawake wa sauti ya pili, na baada ya mwezi mmoja akaacha kuja mazoezini. Alisema Januari sare ni nyingi. Januari ikapita, na Februari, hakurudi. Nyumbani pia aliacha kuimba akiosha vyombo. Sikumwomba msamaha kwa sababu sikuona kosa. Nilijiambia nimesema kweli, na kweli huuma.

Sasa alikuwa anataka kuanza upya mahali ambapo hakuna aliyemwona akiondolewa, na mimi ndiye niliyemwondoa. Niliapa moyoni kwamba nitamtafutia kwaya hiyo hata kama nitazunguka Kenya nzima. Tukapanga hivi: Jumamosi naenda kuulizia kazi, Jumapili tunaabudu kwenye kanisa lenye kwaya inayosifiwa. Nadharia yangu ilikuwa rahisi. Ng'ombe aliyechoka hufungwa nira pamoja na mwenye nguvu. Sauti iliyochoka ikiwekwa katikati ya sauti kali, itainuliwa. Kwa hiyo mji wa kuhamia ni ule wenye sauti ya kwanza yenye nguvu, mengine tutayapata mbele ya safari.

Tulianza na Nakuru. Jumamosi meneja alinipeleka kwenye mashini iliyowashinda mafundi wake. Mimi mashini siisikilizi, naishika. Niliweka kiganja kwenye fremu, nikatembeza mkono mpaka kwenye kiwiko cha mtambo, nikamwambia, "Ni hapa." Ilikuwa ni pale. Akaniambia nianze hata Jumatatu.

Jumapili tukaenda kanisani. Besi walikuwa imara. Sauti ya tatu walijitahidi. Lakini sauti ya kwanza, ole wangu! Wasichana walipanua vinywa kama vifaranga vya ndege, na kilichotoka ni pumzi. Nilimwinamia mke wangu nikamnong'oneza, "Hawa hawana nguvu. Utazama nao."

Aligeuka akanitazama kwa muda, kama mtu aliyesikia bei ambayo haiwezekani.

"Hawa?"

"Hawa."

Baada ya ibada alienda kumsalimia msichana aliyeanzisha, akamshika mkono kwa mikono miwili, wakaongea muda mrefu huku mimi nimesimama juani. Aliporudi alisema, "Mimi nimewapenda." Nikamwambia anawaonea huruma. Meneja wa Nakuru nikampigia simu nikaikataa kazi kwa uongo wa heshima.

Eldoret ilikuwa bora zaidi. Kazi ilikuwa na nyumba ndani ya boma la kiwanda, na pale kwenye ukumbi nilikuta mashini moja ya kwetu Thika imeshafika. Niliitambua kwa kovu la kuchomelewa mguuni, nililichomelea mwenyewe. Nilisimama nikaipapasa, na machozi yakanilenga kwa ajili ya chuma. Kwa mke wangu sikuwa nimelia bado.

Kwaya ya Jumapili ikawa hadithi ile ile. Besi, safi. Juu, hewa. Nikaanza kuamini kwamba nchi nzima imeishiwa na wasichana wa kuimba. Nililaumu simu, nililaumu maikrofoni, nililaumu chipsi. Tulipotoka nje nilikuwa bado nalalamika.

"Yule msichana wa mwisho upande wa dirisha," mke wangu akasema, "hukumsikia?"

"Nilimwona."

"Nimekuuliza kama ulimsikia."

"Alikuwa anachezesha mdomo tu, Mama. Siku hizi wanajua kujifanya."

Hakusema neno mpaka tukafika Thika, na mimi nikadhani ameudhika kwa sababu Eldoret nayo imekataliwa.

Kisumu nilikuwa nimeikataa moyoni kabla ya kufika, kwa sababu iko karibu sana na nyumbani kwetu, na shemeji zangu hawajui kubisha hodi. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kushona magunia. Hata hivyo Jumapili tukaingia kanisani, maana mpango ni mpango. Siku hiyo watu wazima hawakuimba. Waliitwa watoto wa shule ya Jumapili, kama ishirini hivi, soksi nyeupe, wakapangwa mbele kwa kimo. Hapakuwa na kinanda wala ngoma. Mwalimu wao akainua mkono, vinywa vikafunguka.

Nilisikia kiatu kikisugua sakafu. Nilisikia mzee akikohoa nyuma yangu, na jenereta ya jirani. Kwa watoto wale kulikuwa na kitu chembamba, cha mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Nilifikiri bado wanajiandaa. Halafu mwanamke aliyekaa kulia kwangu akatoa leso. Mbele yetu mzee mmoja akasimama na mikono juu, kisha benchi zima likasimama. Niligeuka kumtazama mke wangu. Uso wake ulikuwa umelowa. Kanisa zima lilikuwa linalia, na mtu pekee mwenye macho makavu alikuwa mimi, mwenye sikio bora kuliko wote Thika.

Nyani haoni kundule. Nilikaa pale nikiwa nimeshika goti, nikaogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa.

Mke wangu alikuwa ameacha kutazama watoto, ananitazama mimi.

"Husikii," alisema.

Hakuwa anauliza. Na hata neno hilo, nilipolifikiria, sikulipata kwa masikio. Nililiona mdomoni.

Ni lazima nieleze hapa jambo la watu wa kufuma. Ndani ya ukumbi wa mashini huwezi kuzungumza, kelele inakula kila kitu, kwa hiyo kijana akiajiriwa, ndani ya miezi michache anajifunza kusoma midomo. Sisi tulipiga soga kutoka pembe hadi pembe bila kutoa sauti. Tuliwateta wasimamizi mbele ya macho yao. Ni ujuzi mzuri, na ulinidanganya. Mke wangu akinitazama nilimpata sawasawa, akigeukia jiko nilimwambia anameza maneno. Binti yetu, anayekaa hosteli mtaani Kahawa Wendani, akipiga simu nililaumu mtandao, nikampa mama yake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtandao unamchukia binti yangu peke yake.

Tuliporudi nilienda kliniki moja Ruiru. Binti wa pale, mdogo kuliko wangu, aliniketisha kwenye chumba kidogo, akanivisha vitu vya masikioni na kunipa kitufe.

"Mzee, ukisikia kamlio, hata kakiwa kadogo, finya hapa. Sawa?"

Nikafinya, nikafinya, nikaona nafanya vizuri. Akasimama akacheka kidogo. "Aki mzee, unaniangalia mkono. Si hivyo." Akageuza kiti changu kikatazama ukuta.

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na milio michache ya chini, nikafinya. Kisha kimya. Nikasubiri aanze tena. Nilisubiri sana, nikaanza hata kuhesabu misumari ya ubao, mpaka akaja akanigusa bega. Alikuwa amemaliza.

Alinionyesha mchoro. Sauti za chini nilikuwa nazo bado. Za juu zilikuwa zimekwenda, na alisema hazikwenda jana, zimekuwa zikienda miaka kadhaa, pole pole, na hazirudi. Kifaa kingeweza kunisaidia kusikia watu wakizungumza. Kuhusu kwaya hakutaka kunidanganya.

"Kazini mlipewa vya kuziba masikio?"

Tulipewa. Nilivitia mfukoni kila asubuhi na kuvirudisha nyumbani jioni. Niliona vizibo ni vya watu ambao masikio yao si kitu.

Nilitoka pale nikasimama kando ya barabara, na ndipo hesabu ya miaka ikanijia. Sikutaka kuihesabu. Mke wangu alikuwa hatua mia mbili kutoka pale, kwenye kibanda chake, lakini sikuweza kwenda. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu wa kwaya, anayefuga mbuzi kijijini Gatuanyaga, kule kwenye vumbi. Nilimkuta akiwakatia majani. Sikumsalimia vizuri.

"Mwalimu, niambie ukweli. Siku ile nilimtoa mama kwa solo, sauti yake ilikuwa imeisha?"

Aliweka panga chini. Alichukua muda mrefu kuifuta mikono.

"Fundi, sauti ya mama ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa kabisa."

"Na mbona hukusema?"

"Haiya! Ningesema nini? Mwanaume amesimama mbele ya watu akamtoa bibi yake. Sisi tulijua ni maneno ya nyumba. Wengine walisema una wivu, ati watu wanamwangalia sana. Hapo mtu anaingilia aje?" Kisha, kwa upole, akaongeza, "Lakini tuliwaombea. Kila Alhamisi baada ya mazoezi, ukishaenda. Tuliombea ndoa yenu."

Miaka miwili watu arobaini walikuwa wameiombea ndoa yangu, kwa upendo mtupu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nimesema uongo. Siwalaumu. Kwetu mume akisema jambo la mke wake, wengine hutazama karatasi. Mimi mwenyewe ningetazama karatasi.

Nilimwambia mke wangu kesho yake mchana, kibandani, wateja wakiwa wamepungua. Nilimwambia ya kliniki na ya mwalimu, yote, nikiwa nimesimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa na barua mbaya. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Hakulia. Laiti angenitukana.

"Nilikuamini," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa na sikio. Siku ile nilifika nyumba nikajifungia, nikaimba, nikajisikiliza. Na mimi nikasikia imeisha. Unaelewa? Niliisikia kabisa, vile ulisema."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikuwa nashukuru hata. Nikasema, bora ameniambia yeye kabla watu wanicheke."

Hapo ndipo nililia, kwa sauti, mtu mzima mchana kweupe, na mama wa kibanda cha mboga jirani akachungulia. Nilimwambia itakuwa bado ipo. Sauti haiendi popote. Nilimsihi aimbe hata mstari mmoja, ule wa mazishi, pale pale. Alikataa. Nikamsihi tena, na nikiri kwamba hata kumsihi kwangu kulikuwa kwa ajili yangu mimi, nilitaka kosa langu liwe dogo. Mwishowe alisimama, akanipa mgongo, akatazama sare zilizoning'inia ukutani. Mabega yake yakapanda.

Kulikuwa na kitu chembamba. Kilipanda kidogo, nikadhani kinapanda, kisha sikukipata tena. Mabega yalibaki juu kwa muda, halafu yakashuka. Sikujua kama amefika mwisho wa mstari au ameukatiza njiani. Mama wa mboga alikuwa amesimama na fungu la sukuma wiki mkononi, na uso wake haukuniambia kitu.

"Imetoka?" nikauliza.

Mke wangu alikaa, akarudisha kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha vizuri.

"Imetoka," akasema.

Tulihamia Eldoret. Yeye ndiye aliyeuchagua mji huo, akasema nifuate kazi yenye nyumba na niache mambo ya kwaya. Jumapili ya kutuaga kule Thika, mwalimu alimwomba aanzishe wimbo, kanisa zima likageuka kumtazama, na yeye akagusa shingo na kutikisa kichwa, ati kifua kinambana. Hapa tuna mwezi wa tano sasa. Yule msichana wa upande wa dirisha, niliyesema anachezesha mdomo, ameshakuja nyumbani mara mbili kumwalika mazoezini. Mke wangu humpikia chai, humwambia akimaliza sare za muhula huu atakuja. Jumapili tunakaa benchi moja, mimi na yeye, katikati ya watu wasiotujua. Wimbo ukiimbwa yeye hushikilia kitabu akakitazama, mdomo umefungwa.

Huenda sauti iliisha kweli kwa kukaa miaka miwili bila kutumika. Huenda ipo, na hataki kuimba mbele ya mume asiyeweza kuisikia. Ningeweza kumwuliza leo hii, yuko hapa sebuleni. Simwulizi, kwa sababu jibu lolote atakalonipa nitalazimika kuliamini, kama yeye alivyoniamini mimi.